Mizabibu ya Baba na Maji ya Kisima

Watu wakisikia kwamba baba yangu alilima zabibu Kisauni hucheka kwanza, kisha huniuliza kama akili zangu ni timamu. Siwalaumu. Kwetu Mtopanga, kando ya mto, watu hupanda mihogo, mchicha na migomba, na mwenye kiburi hupanda mndimu. Baba alikwenda Dodoma kumzika rafiki yake wa zamani, akarudi na vijiti vitano vya mzabibu amevizungushia gunia lililoloa. Vyote vilishika.

Mwaka wa tatu tukaanza kukausha. Kazi yenyewe inaudhi. Unakata vichala, unavichovya kwenye maji moto ya jivu ili ngozi ilegee, kisha unavianika juu ya kichanja na kuvifunika kwa chandarua, maana nzi wa Kisauni hawana haya. Wingu likipita unabeba kila kitu ndani. Jua likirudi unabeba nje. Hewa yetu ni nzito, basi nyingine huota ukungu hata ufanyeje. Zile zilizosalimika, akina mama wa mtaa walizigombania kwa tambi za Idi, na baba alizigawa kwa kikombe huku akijifanya sultani.

Shida ilikuwa mto. Kila masika unapanda, na mvua ikiangukia siku za bamvua, bahari iliyojaa huyazuia maji yasitoke, yakarudi kwetu hadi uvunguni. Kaka zangu wawili wakamjengea baba chumba Bamburi, mahali pa juu. Akakataa. Siku moja walipombana sana, akaapa mbele yetu sote.

"Wallahi, mizabibu hii ikiwa hai, mimi sihami. Ikifa, njooni mnichukue."

Kaka zangu wakaondoka wakinung'unika kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Mimi niliyekuwa nikiishi naye sikujua niko upande gani. Nilitaka mizabibu iishi kwa sababu aliipenda. Nilitaka ife kwa sababu mto ulinitia hofu. Yote mawili nikayaombea dua kwenye msala mmoja, na sijui Mungu alinielewa vipi.

Masika yaliyofuata maji yakaingia, yakakaa siku tatu, yakatoka. Mizabibu ikabaki imesimama. Baada ya wiki chache majani yakaanza kuungua pembeni. Nikadhani ni kiu, kwa kuwa jua lilikuwa limerudi kali. Nikawa nateka maji kisimani kwetu, ndoo nne asubuhi, nne jioni. Majani yakazidi kuungua. Nikaongeza ndoo. Baba aliketi barazani akinitazama.

Nikamwita muuza miche mmoja, mama wa kutoka bara, aje atazame. Akachovya kidole ndooni, akaonja, akatema.

"Mama, hii maji ni chumvi tupu! Wewe ndio unaua hii miti."

Nikaonja. Sikusikia chumvi yoyote. Maji ya kisima kile nimeyaoga, nimetawadhia na kupikia tangu utotoni. Visima vyetu vyote vina chumvi kidogo, nasi tumeizoea. Mafuriko yalikuwa yameiongeza, na mtaa mzima hatukutambua. Yule mama akaniambia niimwagie mizabibu maji ya mfereji, yaani ya bomba, kwamba bado yaweza kupona.

Sasa nilijua jinsi ya kuiponya mizabibu na jinsi ya kumhamisha baba, na ilikuwa ni suala la ndoo ya mfereji au ya kisima tu. Siku mbili nilizunguka uani nikiwagombeza kuku. Ya tatu nikamwendea.

"Baba, maji ya kisima ndiyo yanayoiua. Yamezidi chumvi."

"Najua, mama."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mafuriko yalipotoka. Chai imebadilika. Mimi nilizaliwa Taita, kwenye maji ya chemchemi. Ulimi wangu haujasahau."

"Na ukaniacha nimwage?"

Alikuwa akiyatazama magoti yake.

"Maji yalipofika kitandani niliogopa, mwanangu. Niliogopa sana. Na nilikuwa nimekwisha kuapa. Nitawaambiaje wanangu wa kiume kwamba naogopa?"

Nilimkasirikia, nikamhurumia, nikataka kucheka, vyote kwa pamoja, na mpaka leo sijui kipi kilitangulia. Ndoo ya kisima ilikuwa mkononi mwangu, imejaa.

"Mwagia," akasema. "Mwagia, mama, nipate kuondoka."

Nikamwagia mzabibu wa kwanza. Ndoo ikaisha, nikarudi kisimani kuteka nyingine.