Mbavu za Karani

Mama Dekio alionewa, tena mchana kweupe. Alimrudisha mtu duniani akapewa barua ya onyo. Meneja, aliyekuwa akimpepea mtu huyo kwa faili, akapewa cheti chenye fremu. Hilo ndilo jambo lenyewe, mengine ni maelezo.

Mwanamke huyu amepiga deki ofisi ile miaka kumi na saba. Shule hakuiona, lakini masikio anayo. Kila baada ya miezi mitatu muuguzi mmoja alikuja kuwafundisha wafanyakazi huduma ya kwanza, akitumia sanamu ya mpira iliyokaa stoo: kichwa na kiwiliwili, mdomo wazi. Wafanyakazi walisinzia. Mama Dekio, akisubiri mlangoni na ndoo yake, alisikiliza. Somo likiisha, ni yeye aliyeiosha sanamu na kuijaribu kabla ya kuirudisha sandukuni. Ukiikandamiza kifua barabara, ndani inalia "tak!" Isipolia, hujakandamiza. Aliiita Shemeji, maana ililala kutwa ikingoja kuhudumiwa.

Asubuhi moja karani wa masjala, mtu wa kitambi na dharau, alianguka kama gunia katikati ya makabati ya mafaili. Watu wakajaa. Karani akatoa mkoromo mmoja, akanyamaza, akatoa mwingine.

"Mwacheni apumzike," akasema meneja, akaanza kupepea. "Si anakoroma? Anayekoroma yu hai."

Mama Dekio akapiga magoti, akamtikisa mabega. "We karani! We baba, unanisikia?" Kimya. Kifua hakipandi, ila mdomo tu unafumbuka kama wa samaki aliyetolewa majini. "Huku si kulala, bosi. Moyo wake umesimama. Iteni ambulansi! Na ile mashine ya kushtua moyo, ileteni!"

"Tangu lini dekio linatoa amri?"

"Tangu faili lilipoanza kutibu watu. Wewe pepea, baba, pepea."

Akaweka viganja katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine, akanyoosha viwiko, akasukuma haraka haraka, karibu mara mbili kila sekunde. Hakusikia kitu. Akaongeza nguvu.

"Lia basi, Shemeji!"

Watu wakatazamana. Kumbe hawa ni ndugu?

"Tak!"

"Eeh, hapo sasa!" akasema Mama Dekio, uso umemng'aa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba binadamu hana cha kulia kifuani ila mbavu. Akaendelea kwa moyo mkunjufu, na ubavu wa pili ukalia.

Mashine ilifungiwa kabatini isiibwe. Dada wa mapokezi akamnyang'anya meneja ufunguo, akaileta mbio. Wakampasua karani shati, wakamkausha jasho, wakabandika vibandiko viwili kama picha ya kwenye kifuniko ilivyoonyesha. Mashine ikasema kwa sauti ya mama mpole: "Usimguse mgonjwa."

"Samahani, mama," akajibu meneja, naye yuko hatua nne nyuma.

Mashine ikaupima moyo, ikakuta unatetemeka ovyo bila kusukuma damu, ikaagiza shtuko. Mama Dekio akahakikisha hakuna anayemgusa, akabonyeza kitufe. Karani akaruka. Mama Dekio akamsukuma tena kifua, kama dakika mbili, mpaka mkono wa karani ukainuka na kumsukuma yeye.

"Mbona unanipiga?" karani akanong'ona.

Wiki ya sita karani alirudi kazini akitembea kama aliyebeba trei ya mayai, akalalamika kwamba yule mama ana mikono ya mtwangaji. Ndipo ikaja barua. Dada wa mapokezi alimsomea: umetumia nguvu kupita kiasi, umegusa kifaa kisicho cha idara yako. Siku hiyohiyo, mkutanoni, meneja akapokea cheti cha uongozi imara wakati wa dharura. Makofi yakarindima.

Muuguzi aliposikia, alimfuata meneja ofisini. "Mbavu huvunjika, ni kawaida, na huunga. Angemsukuma polepole mngekuwa mnachimba kaburi."

"Nimekuelewa kabisa," akasema meneja, na barua asiiguse.

Mpaka leo meneja anadaiwa kuichana barua ile mbele ya watu walewale waliompigia makofi. Na karani anadaiwa asante moja tu, ila aitamke kwa sauti. Pumzi si anayo?