Shati la Noeli la Baba

Desemba iliyopita nilirudi Kisangani, na siku ya tatu nikapita mtaani kwetu kutafuta nyumba ya fundi cherehani. Haipo. Pamejengwa duka la simu, na kijana muuzaji akanitazama kama mtu aliyepotea njia. Sikumlaumu. Ningemwelezaje kwamba pale barazani cherehani ililia kutwa nzima, nami niliijua sauti yake hata nikiwa kitandani?

Kwetu Noeli ilianzia kwa fundi huyo. Baba, karani wa posta, alinunua kitambaa kimoja mapema, akakipeleka kikatwe kikwembe cha kujifunga na blauzi ya mama, gauni langu na shati lake. Siku yenyewe tulikwenda kanisani watatu sare moja, na mimi nilijiona si kidogo. Fundi alikuwa Mwislamu, mzee wa ukoo wa Wangwana, wale waliokuja zamani na misafara kutoka pwani, lakini kwa kuhesabu siku zilizobaki hadi Noeli hata katekista hakumfikia.

Mwaka wa uasi, miaka michache baada ya uhuru, kitambaa kilikuwa kimeshafika kwa fundi pale watu wenye bunduki walipoanza kukamata waliofanya kazi za ofisi. Walimchukua baba adhuhuri, mama akiponda ndizi za lituma, na mafuta ya mawese yakaungulia motoni. Baadaye waasi walifukuzwa mjini, lakini baba hakurudi, wala mwili wake haukuonekana.

Bila mwili hapakuwa na matanga. Kumlilia mtu ambaye huenda yu hai ni kumtakia kifo, kwa hiyo majirani walisimama mlangoni, wakasalimia, wakaondoka. Hakuna aliyethubutu kukaa chini na mama. Alifua, alitwanga sombe, yale majani ya muhogo, na kila jioni alimwekea baba chakula kwenye sahani yake. Nilifurahi kuiona sahani ile. Maadamu ilijazwa, nilikuwa na baba.

Fundi alikuja mwenyewe siku moja, kofia mkononi.

“Mama, ile shati ya papa, niishone ao niache?”

“Shona, papa fundi. Atakuya,” mama alisema, bila kumtazama.

Alilishona. Alilileta siku moja kabla ya Noeli, limepigwa pasi.

Mwaka ule hapakuwa na padri, na kwa sababu ya hofu tulisali asubuhi jua likiwa limeshatoka, badala ya usiku wa manane. Desturi ya kanisa letu ilikuwa kuwataja waliokufa mwaka huo mbele ya pango la Noeli, mmoja mmoja, na watu wote kuitikia “Mungu amupokee”. Mwaka ule majina yalikuwa mengi mno. Nilimshika mama kikwembe, nikaomba katekista amalize upesi.

“Kuko mutu mwingine wa kutaja?” katekista akauliza.

Mama akasimama. Alilitoa shati la baba katika kikapu alichokuja nacho, akataja jina la ubatizo la baba na jina la ukoo wake. Kanisa zima likaitikia. Ndipo akajifunika uso kwa shati lile, akalia kilio alichokuwa amekizuia miezi yote.

Wanawake hawakungoja ruhusa. Walimfungua kitambaa cha kichwa kama afanyiwavyo mfiwa, wakamkalisha chini, wakakaa naye sakafuni na nguo zao mpya, wakaimba nyimbo za Noeli taratibu, kwa sauti ya matanga. Katekista alichuchumaa mbele yake, akaonyesha sanamu ya Mtoto pangoni.

“Mama, huyu Mutoto, na yeye askari walimutafuta. Anajua.”

Walitusindikiza nyumbani. Lituma ilipikwa kwa sufuria za majirani, na fundi akaja kukaa uani na wanaume. Mimi nilinuna. Nilikataa kula, nikamwambia mama mbele za watu kwamba yeye ndiye amemuua baba. Hakunipiga. Alinivuta hadi kwenye mkeka.

“Tangu walimukamata, niko namubeba miye peke,” alisema. “Leo nimeomba Mungu na watu wanisaidie kumubeba.”

Usiku ule alilala. Mimi ndiye niliyekesha, na nilimkasirikia kwa miaka, mpaka nami nikafiwa na mume nikajua uzito aliokuwa akiusema. Imani haikumrudishia baba. Ilimpa ruhusa ya kulia, na watu wa kulia naye, na nadhani bila hayo asingeiona Noeli iliyofuata.

Wote wameondoka sasa: mama, fundi, katekista, wanawake wale wa sakafuni. Kanisa lina vigae na vipaza sauti, na nyimbo zinakwenda mbio. Desturi ya majina bado ipo. Baba hana kaburi mpaka leo, kwa hiyo kila Noeli inayonikuta Kisangani ninasimama nimtaje, ingawa hakufa mwaka huo, maana sina mahali pengine pa kwenda kumwona.