Padri Aliponikataza Kufunga

Asifiwe Mungu aliyenipa mdomo wa kumwomba na wa kula, akanivumilia mpaka nikajua kuutumia kwa yote mawili.

Vita vya kwanza vilipofika Kisangani, sisi akina mama wa kikundi cha maombi tulifunga siku tatu tukiomba amani. Siku ya nne wenzangu walikula. Mimi nikaendelea. Njaa ilinipa kiburi nilichokiita imani. Sahani yangu niliwapa watoto wa jirani, na baba watoto nikamwambia nimeshakula. Watu wakaniita Mama Mfungo, nami nikafurahi. Hata bunduki ziliponyamaza, sikuweza kumeza tonge bila kuhisi nimetenda dhambi.

Nilianguka kanisani, kwenye mstari wa komunyo. Muuguzi aliyenipima uzito hospitalini aliniangalia kwa hasira: "Bon, mama, uko nafunga ao uko nakufa?"

Padri alipokuja kunitazama, nilitegemea anisifu.

"Mama," akasema, "kuanzia leo nakukataza kufunga. Hata Kwaresima. Mfungo wako ni kula, asubuhi, mchana na jioni, hamu iwepo isiwepo."

Nililia kama mtu aliyefukuzwa kanisani. Lakini kutii nilikuwa nimefundishwa, nikatii. Muuguzi alikaa kando yangu mpaka kijiko cha mwisho. Nyumbani baba watoto akashika zamu yake. Kuna siku nilitapika. Kuna miezi nilianza tena kuficha chakula, nikarudishwa hospitalini, tukaanza upya na uji.

Mwaka wa nne vita vikarudi, mabomu yakaangukia mji. Tulijificha nyumbani kwa kiongozi wa kikundi chetu, naye akatangaza mfungo. Saa sita mchana ile njaa ya zamani ikaniita kwa sauti tamu sana. Nilifunua sufuria niliyokuja nayo, nikatoa lituma, yaani ndizi zilizopondwa, na kipande cha samaki.

"Ee, Mama Mfungo!" kiongozi akacheka. "Leo tumbo imekushinda?"

"Apana, mama. Wewe omba, mimi niko nakula. Mungu iko nasikia sisi wawili."

Wote wakacheka, hata yeye. Nikamaliza chakula chote mbele yao. Kisha nikapiga magoti katikati yao, na kwa mara ya kwanza niliomba amani bila kujifikiria mwenyewe.

Wewe unayesoma, Mungu akupe chakula, akupe na moyo wa kukila kwa furaha. Amina.