Ndafu ya Unga wa Ngano

Kuruthumu wa mtaa wa Gerezani hajawahi kumwambia mteja kwamba keki fulani haiwezekani. Wengine huiita sifa. Binti yake Shadya, ambaye ndiye muosha masufuria, huiita ugonjwa. Kuli mmoja wa bandarini alitaka keki ya winchi inayonyanyua kontena kwa ajili ya watoto wake pacha, akaipata, na kontena likaning'inia kweli. Mchukuzi wa Kariakoo alitaka mkokoteni. Hakutaka gari wala ndege, alitaka mkokoteni, kwa sababu mwanawe alijivunia mkokoteni wa baba yake kuliko wenzake walivyojivunia magari ya baba zao. Akafanyiwa, na magunia juu, na kile kipande cha tairi kuukuu cha kufungia breki kikiburuta nyuma.

Alikuja Dar akitokea Lindi, msichana mbichi, akafikia kwa shangazi yake na kuanza kuwakaangia vitumbua mafundi wa gereji. Keki alijifunza kwa kuziunguza. Sasa anazioka kwenye chumba cha pili cha nyumba ya kupanga, katika oveni ya gesi ambayo mlango wake haufungiki mpaka uukazie waya, na wapangaji wenzake wameshazoea kupita ukumbini wakiwa wamebana viwiko ili wasije wakagusa ngome ya binti mfalme au bawa la ndege.

Siku Hyasinta alipokuja kuagiza, hakukaa hata kwenye kiti. Hyasinta ni Mmatengo wa Mbinga, ana duka la mapazia Kariakoo, na ameolewa na Mchaga wa Kibosho. Watu wa kusini wakikutana mjini huwa hawazungukani sana.

"Mama Shadya, mwenzio nimekwama," alisema. "Binti yangu Rachel anapata komunio ya kwanza Jumapili ijayo, na hataki ndafu."

Kwa asiyejua, ndafu ni mbuzi mzima wa kuchomwa, anayeingizwa ukumbini kwa ngoma na vigelegele kama bibi harusi. Sherehe ya Wachaga bila ndafu ni mkutano tu, watu wanakaa wanatazamana. Lakini Krismasi iliyopita, huko Kibosho, Rachel alifanya urafiki na mbuzi wa babu yake. Alimpa jina, akamlisha kwa mkono wake wiki nzima, na siku ya sikukuu akakutana naye juu ya sinia. Mtoto wa miaka tisa. Tangu hapo hali nyama ya mbuzi, na sasa alikuwa amesema ndafu ikiingia mlango huu, yeye anatoka mlango ule.

"Atatoka kweli," alisema Hyasinta. "Ana kichwa cha babu yake."

"Na babu yake anasemaje?"

Hapo ndipo penye kazi. Mzee Aristides alikuwa ameshafika kutoka Kibosho, ameshanunua mbuzi, na mbuzi ameshafungwa kwa mchoma nyama huko huko Gerezani. Hyasinta alimpigia magoti, akamwomba babu akubali ndafu ya keki. Mzee akatoa sharti lake. Wailete. Akiona ni ndafu, ataikata yeye mwenyewe. Akiona ni keki, mbuzi atachinjwa saa hiyo hiyo na mjukuu atakaa aangalie, maana mtu hakui kwa kukimbia mambo ya kwao.

Kuruthumu hakumfikiria mzee sana. Alimfikiria yule mtoto akiwa na gauni jeupe na taji la maua, akitoka ukumbini peke yake siku ambayo watu wote wamekuja kwa ajili yake. Roho ikamuuma.

"Niachie mimi," akasema.

"Umeshawahi kuiona ndafu?"

"Nimewahi kumwona mbuzi."

Kufika Ijumaa mchana mbuzi alikuwa tayari, na alikuwa mzuri, hilo lisemwe. Alikuwa amelala ubavu, macho yamefumbwa, shingoni ana shada la maua ya waridi ya sukari na jina la Rachel kwa herufi za kuzungusha. Kuruthumu alimpiga picha kwa simu, akajisifu kidogo, akalala vizuri. Kilichombakia ni rangi ya ngozi tu. Alitaka ile kahawia ya moto wa makaa, na rangi hiyo haipatikani dukani. Jumamosi asubuhi akatoka kwenda kuiangalia kwa mwenye nayo.

Mwenye nayo ni Polycarp, mchoma nyama mwenye uwanja nyuma ya mafundi wa spea. Alikuwa na ndafu ya mteja mwingine juu ya makaa. Pembeni, mbuzi hai mwenye ndevu alikuwa amefungwa kwenye injini mbovu ya lori, anatafuna boksi.

"Habari za kazi, kaka Polycarp?"

"Nzuri, dada. Karibu."

Kuruthumu alimweleza shida yake, akampa simu aione picha. Polycarp alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni.

"Dada, huyu kafa?"

"Kalala."

"Ndafu hailali. Ndafu inapiga magoti, shingo juu, majani mdomoni. Inawajia watu, inawasalimia." Alipanua picha kwa vidole. "Na haya maua ya nini? Anaolewa?" Akacheka tena, kisha akauliza kama mtu anayeuliza saa, "Na mzee atakata wapi?"

"Popote. Vipande vya mraba, watu wote wapate."

Polycarp akaacha kucheka. Akamrudishia simu.

"Mzee hakati vipande, dada. Mzee anagawa. Akiweka kisu begani, bega linatoka. Kidari kina mwenyewe. Mbavu zina wenyewe, kiuno kina mwenyewe. Kila ukoo na mgao wake, na kila mtu mle ndani anajua chake ni kipi. Ukimkosesha, umemvunjia heshima mbele za watu. Sasa hiki chako mzee akikipasua atakuta nini ndani?"

"Keki."

"Basi umeshajijibu."

Kuruthumu alihisi uso unamuwaka, na si kwa sababu ya makaa. Alikuwa ametengeneza sanamu ya mbuzi, na yeye na Hyasinta, watu wawili wa kusini wenye akili zao timamu, hakuna aliyewaza kuuliza ndafu inakatwaje. Kwao mbuzi akishaiva anakatwakatwa, wali unapakuliwa, watu wanakula. Aliona aibu, halafu aibu ikageuka hasira, na hasira kwa Kuruthumu ni kitu chenye manufaa sana.

"Nionyeshe," alisema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Mbuzi anapoachia. Viungo vyote."

Polycarp alimwangalia. "Unajua unaniharibia kazi? Yule pale kwenye injini ndiye mbuzi wa mzee wako. Nimeambiwa kesho mkaa uwe tayari."

"Basi usinionyeshe."

"Sijasema hivyo." Aliikagua ndafu yake, akachukua kisu. "Yule mzee alimleta mjukuu wake hapa juzi, amzoee mbuzi. Mtoto alisimama pale pale ulipo wewe, akalia bila kutoa sauti. Mimi mwenyewe nina watoto. Sogea huku, moshi utakuumiza."

Akamwonyesha. Bega linavyokaa juu ya mbavu bila kushikwa na mfupa wowote. Kidari kinapoanzia na kinapoishia. Mguu wa nyuma unavyozunguka kwenye nyonga yake. Kuruthumu hakuandika kitu, alishika kwa mikono, akipapasa hewani kama anayesuka ukili.

Alipofika nyumbani alimkata yule mbuzi aliyelala vipande vya mraba, akawaita watoto wa nyumba nzima. Walimla na maua yake. Kisha akafunga kilemba upya, akawasha oveni na kukaza waya.

Safari hii hakuoka keki moja. Alioka bega peke yake na bega la pili peke yake, kidari peke yake, kiuno, miguu, shingo. Mbavu alizitengeneza kwa biskuti ngumu ya tangawizi, moja moja, akazipanga ndani ya keki ya nazi. Kila kiungo alikivisha ngozi yake ya sukari kabla ya kukiunganisha na mwenzake, na katikati akapaka siagi na sukari kidogo tu, ya kushikiza, si ya kugandisha. Rangi aliipata kwa sukari aliyoiunguza kwa makusudi, ikanukia chumba kizima.

Alipomsimamisha mbuzi kwa magoti, kidari kikaporomoka, kikaenda na bega la kushoto.

Shadya aliliangalia bega sakafuni. "Mama, si umpigie tu mama Rachel."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba imeshindikana."

"Chukua ufagio," alisema Kuruthumu. "Halafu nipasulie mayai mengine."

Alioka upya bega na kidari, akakitegemeza kifua kwa kibao alichokifunika kwa majani, akamsimamisha tena. Mbuzi akapiga magoti, akakaa. Jua lilikuwa bado halijazama. Kuruthumu alikaa chini ya feni mbele yake, na Shadya akaanza kuosha masufuria.

Jumapili walimpeleka ukumbini kwa bajaji, Shadya mbele ameshika kichwa, mama mtu nyuma amekumbatia kiuno. Huko Kuruthumu akakutana na jambo ambalo Polycarp hakulitaja, labda kwa kuwa kwake yeye halina haja ya kutajwa. Ndafu haibebwi ikawekwa mezani. Ndafu inachezwa. Vijana wawili wa ukoo walinyanyua sinia, muziki ukafunguliwa, wakaanza kuingia wakiyumba kushoto na kulia, wanashuka mpaka chini, wanapanda. Watu walipiga vigelegele. Kuruthumu alifuata nyuma yao amenyoosha mikono yote miwili, baibui lake linapepea, anayumba walikoyumba, na wageni wengine wakadhani naye anacheza, wakamtunza noti.

Sinia likafika mezani. Shingo juu, majani ya kotimiri mdomoni, magoti chini. Hakuna kilichoporomoka.

Rachel alikuwa meza kuu, katikati ya wazazi wake, mikono ameifunga mapajani. Hakumtazama mbuzi. Alimtazama babu yake.

Mzee Aristides alisimama, akafunga kifungo cha koti. Alimzunguka mbuzi polepole. Aliinama akanusa. Mshereheshaji alitaka kusema mzaha, akaona uso wa mzee, akaghairi. Hyasinta alikuwa ameshika kitambaa cha meza kama mtu anayezuia kisipeperuke.

Mzee akachukua kisu. Hakukiweka juu ya mgongo ambako mtu yeyote angekata keki. Alikiweka begani, pale pale, akapitisha kidogo tu. Bega likaachia, likatoka zima, likabaki mkononi mwake. Chini yake mbavu zikaonekana, zimejipanga.

Aliliangalia bega lile kwa muda. Kisha akainua kichwa na kuita jina la dada yake.

Bibi mmoja akanyanyuka kutoka meza ya tatu, akaja akapokea kilicho chake. Mzee akaita tena. Mbavu zikaenda kwa wenye mbavu, zikavunjika kwa sauti, na mtu mmoja akacheka. Kiuno kikaenda kwa wajomba waliosafiri kutoka Mbinga, na Hyasinta alipoona ndugu zake wanaitwa, akaachia kitambaa. Kidari mzee alikikata kwa mkono wa kushoto huku amemnyooshea mjukuu wake wa kulia. Rachel akaja. Hakutoka mlango wowote. Alikipokea, akapiga goti kidogo, akauma pale pale mbele za watu, na babu yake akamgeukia mwanawe, baba Rachel.

"Mpigie Polycarp," alisema. "Mwambie azime mkaa."

Hapo ndipo ukumbi ulipopiga kelele. Kuruthumu hakupiga. Alikuwa nyuma, karibu na mlango wa jikoni, ameshaanza kukunja aproni ili atafute bajaji ya kurudia. Kazi imekwisha, mtoto amekula, inatosha. Akasikia muziki umezimwa.

Mzee alikuwa bado ameshika kisu. Kwenye sinia kulikuwa kumebaki kipande kimoja, shingo.

"Kwetu shingo ni ya aliyechinja," mzee alisema. "Nani amemchinja huyu?"

Watu wakatazamana. Wengine wakaanza kucheka, kisha wakaona mzee hachezi.

"Hakuna aliyemchinja, babu," alisema Rachel, mdomo umejaa. "Alimtengeneza mama Shadya."

"Yuko wapi?"

Shadya alimsukuma mama yake mgongoni. Kuruthumu akapita katikati ya meza zile zote, aproni mkononi, unga bado kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee Aristides aliiweka shingo juu ya sahani, akaishika sahani kwa mikono yote miwili. "Ingekuwa keki, ingeliwa tu ikaisha, nisingekuita. Ndafu siwezi kuimaliza bila wewe. Pokea, mwanangu. Na utafute kiti."