Mtoto wa Mama Faida Amewekwa Nyuma

Nakumbuka siku moja mama yangu alikuja bombani kuchota maji akanikuta nimesimama pembeni ya foleni, glavu mkononi, kofia imenifunika hadi kwenye nyusi. Nilikuwa katikati ya mazoezi ya softiboli. Sehemu yangu ilikuwa nyuma kabisa, upande wa kulia, na uwanja wetu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ulikuwa umebanwa kiasi kwamba nyuma kabisa, upande wa kulia, ndipo watu walipopanga bidoni zao za maji. Jirani mmoja alikuwa ameshaniomba nimshikie nafasi. Nilikubali, kwa sababu tangu mazoezi yaanze hakuna mpira uliokuwa umefika kwangu, na kukataa kungeonekana kiburi.

Mdogo wangu unayesoma haya, sijafika umri wa kukuita mwanangu. Nimemaliza chuo juzijuzi tu, na nimejiuliza sana kama nina haki ya kumpa mtu nasaha. Lakini wewe unajua hapa kambini mambo yalivyo. Mtu akishavaa joho la chuo anageuzwa mzee kwa nguvu. Anaitwa kusoma maandishi ya chupa ya dawa, na akitoka hapo anaitwa kusuluhisha ndoa ya watu waliomzidi miaka thelathini. Nami nimesikia kwamba umepangwa nyuma kwenye timu, na kwamba baba yako, papa kama tunavyosema kwetu, amenuna. Basi nivumilie.

Mama yangu ni mkubwa wa protokole kanisani kwetu. Huenda wewe uliyezaliwa huku Malawi unaichukulia kazi hiyo kirahisi, lakini kwa watu wa Uvira na Fizi, kule Kongo, harusi haianzi mpaka protokole wamesimama. Mgeni hajiketishi. Anapokewa mlangoni, anashikwa mkono, anapelekwa kwenye kiti chake, na kiti hicho kinasema yeye ni nani. Mbele wanakaa wazazi na wachungaji. Katikati wanakaa majirani wa kweli. Nyuma wanakaa waliochelewa, waliojialika, na wale waliokuja kwa ajili ya wali. Mama aliweza kumtazama mtu viatu tu akajua yuko upande wa bibi harusi au ameufuata muziki.

Kwa hiyo alipoutazama uwanja wetu, aliutazama kwa macho hayohayo. Katikati kabisa, ndani ya duara, alisimama Mwamini, mrushaji wetu, na kila mtu alikuwa anamwangalia yeye. Kumzunguka, kama mashemeji, walisimama wasichana wa vituo, wale wanaolinda sehemu ambazo mpigaji huzikimbilia. Halafu mbali, ng'ambo ya heshima yote, nilisimama mimi na mabidoni.

Mama aliacha maji yake yakifurika akaenda moja kwa moja kwa kocha Innocent, Mrundi mpole aliyekuwa akiomba radhi hata kwa mpira alipoukanyaga.

"Kocha, mutoto yangu alikukosea nini?"

"Hakuna, mama."

"Sasa juu ya nini unamuweka kule nyuma, sawa mutu mwenye hakualikwa?"

Kocha alieleza kwamba kila mahali uwanjani pana kazi yake. Mama alijibu kwamba kazi anaielewa, yeye anauliza heshima. Kocha akasema kwenye softiboli hakuna mbele wala nyuma, kuna wachezaji tisa tu. Mama akasema palipo na watu tisa pana wa kwanza na wa tisa, na macho anayo. Kisha akatoa hukumu. Wiki ile tulikuwa tunakwenda Lilongwe kucheza na wasichana wa shule moja upande wa Kauma. Kama nitabaki kule nyuma, siendi. Na kama siendi, sichezi tena.

"Batoto ya benzangu bakae mbele, wangu achunge mabidoni? Hapana."

Mimi ni mtoto wa kwanza. Nyumbani kila mara nilikuwa naitwa: Faida, angalia sufuria, Faida, mubebe mutoto, Faida, kimbia dukani. Uwanjani ndipo mahali pekee ambapo hakuna aliyeniita. Na tena nilipapenda kule nyuma. Mtu mwenye mawazo mengi anahitaji nafasi, na mimi nilipewa nafasi yote iliyokuwapo. Niliwaza kama mama ataghairi, nikawaza kama kumwomba aghairi kutamfanya asighairi, nikawaza kama kukaa kimya kutaonekana nimekubali. Mpira ukanipita pembeni ukaingia kwenye foleni ya maji, nikiwa bado nawaza.

Kocha Innocent, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo, alimwomba mama aje mazoezini kesho yake atupange yeye mwenyewe. Mama alikuja na kitenge cha sikukuu. Alitushika mikono mmoja mmoja. Binti wa mchungaji alimweka mbele kabisa, hatua mbili kutoka kwa mpigaji, mpaka kocha akaomba kwa unyenyekevu asogezwe asije akapoteza meno. Binti wa shemasi alimweka kando yake. Wawili waliokuwa wamegombana aliwatenganisha. Mimi, kwa kuogopa kuonekana anapendelea, aliniweka safu ya pili, lakini katikati. Alipomaliza, timu nzima ilikuwa imesongamana mbele kama tunasubiri kupigwa picha ya ndoa, na nyuma yetu hakukuwa na mtu, kulikuwa na shamba la mahindi tu.

Mpigaji akapiga. Mpira ukapita juu ya vichwa vyetu vyote, ukadunda, ukaingia kwenye mahindi. Tuligeuka kuutafuta kwa pamoja tukagongana. Mpigaji alizunguka vituo vyote, akarudi alipoanzia, akanywa maji, nasi bado tulikuwa kwenye mahindi.

Kocha alimtazama mama. Mama alikaza kitenge chake.

"Ule mutoto wa kupiga," akasema, "hana adabu."

Basi kocha akamwomba jambo moja la mwisho. Aje nasi Lilongwe, aniache nicheze nyuma mechi hiyo moja, akae aangalie kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha aamue. Mama alikubali, lakini alinivuta pembeni akaniambia nisije nikafurahi mapema.

Tulikodi minibasi. Njia nzima mama alikaa kiti cha mbele kando ya dereva, nami sikushangaa. Uwanja wa Lilongwe ulikuwa na nyasi za kweli na mistari ya chokaa, na ulikuwa mpana. Maana yake ni kwamba mahali pangu palikuwa mbali zaidi. Kutoka kule wazazi walionekana kama vitambaa vilivyoanikwa. Baba mmoja wa Kimalawi upande wa pili alikuwa akimfokea kocha wao kwa Kichewa huku akinyooshea kidole binti yake aliyesimama nyuma kama mimi. Mama hakujua Kichewa zaidi ya zikomo, yaani asante, lakini wenzangu wanasema alikuwa akimsikiliza yule baba na kutikisa kichwa kukubali, neno kwa neno.

Yaliyotokea kwenye viti vya wazazi sikuyasikia mwenyewe. Nimesimuliwa na Mzee Swedi, babu yake Mwamini, mtu wa Kindu, Kongo hiyohiyo, muuza chumvi na samaki wakavu, na yeye husimulia mpaka leo popote mama alipo, ili mama asikie.

Mama alikwenda kukaa karibu naye akampongeza.

"Mzee Swedi, hongera. Mujukuu wako bamemupatia mahali ya heshima."

Mzee hakugeuza kichwa. Macho yalikuwa kwa mjukuu wake. "Mama Faida, tubadilishane," akasema. "Nakupatia ile heshima yote, na kilo ya chumvi juu yake."

Mama akadhani ni utani. Lakini siku hiyo mkono wa Mwamini ulikataa. Alirusha mpira ukaenda kushoto, akarusha ukaenda chini, akarusha ukampita mdakaji juu ya kichwa. Mrushaji akikosea hivyo mara nne, mpigaji anapewa kituo bure, na wapinzani walikuwa wakitembea kwenda kituoni polepole kama wanakwenda sokoni. Watu wetu wenyewe walianza kusonya. Mmoja, aliyekula samaki wa Mzee Swedi juzi tu, alisema kwa sauti kwamba mtoto huyo atolewe. Mwamini akajifuta macho kwa glavu.

"Unaona?" Mzee akasema. "Akitupa muzuri, ni timu. Akikosa, ni mujukuu ya Swedi. Tangu asubuhi nimemeza kidonge ya presha, na mechi haiko hata nusu."

Mama akasema, kwa sauti ndogo, maneno ambayo nadhani ndiyo yaliyokuwa yamemkaa moyoni muda wote:

"Lakini wangu, hakuna mutu mwenye anamuona."

Hapo ndipo Mzee Swedi alipomgeukia.

"Mama Faida, siku ya ndoa we mwenyewe unakaaka wapi?"

"Mi sikaake. Mi nasimamaka."

"Wapi?"

"Kwa mulango."

"Mbele ao nyuma?"

"Nyuma."

"Nani alikufukuza kule?"

Mama alikasirika kidogo. "Hakuna mwenye alinifukuza. Nilijiweka. Ukiwa mbele hauone mwenye anaingia."

"Eeh," Mzee akasema. "Basi acha mutoto asimame."

Mimi wakati huo nilikuwa nakimbia. Kocha alinifundisha kwamba kila mpira unapopigwa chini kwenda kwa wasichana wa vituo, mimi nikimbie kwenda nyuma ya kituo cha kwanza, ili anayerusha pale akikosea, awepo mtu. Nilikuwa nimekimbia tangu mechi ianze. Mpira unapigwa, nakimbia. Msichana wa kituo anaudaka vizuri, narudi kwa miguu. Mashabiki wa Lilongwe walikuwa wameanza kunicheka, na kusema kweli niliwaelewa.

Kisha mpira mmoja ukapigwa, binti wa shemasi akauokota akaurusha kwa hasira kituo cha kwanza, ukapita juu ya mikono ya mdakaji wa pale, ukaja. Nilikuwepo. Sikuudaka, niseme ukweli. Ulinigonga goti ukasimama. Nikauokota, na hapo mawazo yakaanza: nirushe kituo cha pili, au nyumbani, pale anaposimama mpigaji, au nimpe mtu wa karibu, na kama nikirusha vibaya mama yuko pale, na kama nisiporusha mama yuko pale. Nikiwa bado sijaamua, niliona mkono wangu umesharusha. Mpinzani aliyekuwa anakimbilia kituo cha pili akicheka alikuta mpira umefika kabla yake, akatolewa. Alinitazama kama mtu aliyechipuka ardhini.

Tulishindwa ile mechi, na kwa tofauti nisiyotaka kuitaja. Mama hakupiga makofi. Alimwendea kocha akamuuliza, mpira ule, kama Faida hangekuwa pale, ungefika wapi. Kocha akamwonyesha barabara, na waendesha kabaza, zile baiskeli za teksi, waliokuwa wakipita na abiria wao. Mama akaipima ile njia kwa macho. Kisha, kabla hajaja kwangu, alikwenda kwa Mwamini, akamfuta uso kwa ncha ya kitenge chake cha sikukuu, akamshika mkono, akamkalisha kwenye minibasi kiti cha mbele kando ya dereva. Yeye akaja nyuma kukaa nami.

Tulipokaribia kufika kambini ndipo aliposema.

"Utabakia kule. Lakini ukikimbia ufunge kinywa. Unaonekana sawa mutu mwenye basi imemuacha."

Mdogo wangu, nimeyawaza haya kwa miaka, pengine kuliko yanavyostahili. Ninachotaka kukuambia ni hiki. Papa yako akinuna kwa sababu umewekwa nyuma, usiharakishe kumwona mtu wa kujikweza. Wazazi wetu wamesimama kwenye foleni nyingi. Wamesimama foleni ya chakula, foleni ya karatasi, foleni ya kusikia jina lao likiitwa na lisiitwe. Wanajua nyuma ni kitu gani. Wakimwona mtoto wao amewekwa mwisho, hawaoni mchezo, wanaona foleni nyingine. Kwa hiyo usimjibu kwa ubishi, na usimpe somo la kanuni za softiboli, maana mimi nimejaribu somo hilo na ni refu. Mlete uwanjani. Mtafutie mahali karibu na mzazi wa mrushaji, wakae pamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Na wewe kimbia kila mara, hata ukichekwa. Mara nyingi utarudi mikono mitupu, na siku hizo hakuna atakayejua kwamba ulikimbia. Mwenzako wa katikati akikosea, usimsonye. Mpelekee mpira mkononi, usimtupie. Ukipewa mahali pa katikati siku moja, pokea, lakini usiende kuwatazama wa nyuma kama wageni waliojialika. Na mpira ukikufikia, usiwaze kama mimi. Rusha kwanza, waza ukiwa njiani kurudi nyumbani.

Mungu akupe miguu isiyochoka na goti gumu kuliko langu. Awape wazazi wako kiti kwenye kivuli, wakutazame bila kidonge cha presha. Na popote utakapowekwa, awepo mtu mmoja atakayejua kwamba ulikuwepo.