Kodi ya Migongo Thelathini na Sita

"Hivi jirani, wewe unayenyoosha migongo ya wenye magari, mbona maji unajibebea mwenyewe?"

Aliyeuliza alikuwa fundi cherehani wa chumba cha pili, asubuhi moja pale bombani, ndoo zikijaa polepole. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza mvua itanyesha lini.

Aliyeulizwa akacheka, akajitwika ndoo yake. "Mganga hajigangi, jirani. Na maji nayo hayajibebi."

Mtaani walimwita Mama Pingili, maana alikuwa tabibu wa uti wa mgongo. Mtu akiamka amepinda kama ndoano, alipelekwa kwake kwenye kliniki ya vyumba viwili, juu ya duka la matairi. Alimlaza kifudifudi kwenye kitanda chembamba chenye tundu la kuwekea uso, akasugua viganja vyake mpaka vikapata moto, akapapasa pingili moja baada ya nyingine kuanzia shingoni. Halafu akangoja.

Kungoja huko ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Mtu mwenye maumivu hukaza mgongo bila kujua, kama aliyeshika kitu asichotaka kunyang'anywa. Basi Mama Pingili aliacha pumzi iingie na kutoka, iingie na kutoka, mpaka nyama ilegee kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Pumzi ilipokuwa inaishia, ndipo alipobonyeza. Ko! Kisauti kidogo, kama kijiti kikavu. Ilichukua nusu saa, na nusu saa hiyo ilikuwa kama ndoto ya macho wazi. Mgongo wa dereva wa lori ulikuwa bado unatetemeka na barabara. Wa karani uliinamia meza hata ukiwa umelala. Wa mama mwenye mtoto ulikuwa na joto la mtoto asiyekuwepo. Mikono yake ilitembea humo kama mtu atembeaye alfajiri kwenye mashamba asiyoyajua, na kimoyomoyo alikuwa akimshukuru Mungu aliyezipanga pingili zile moja juu ya nyingine wala asikosee hesabu.

Watu waliona koti jeupe wakadhani kuna mshahara mnene ndani yake. Mshahara haukuwepo. Alilipwa kwa mgongo. Katika kila ada, sehemu sita zilikuwa za mwenye kliniki na nne zake. Mgonjwa asipokuja, Mama Pingili alikaa tangu asubuhi mpaka jioni akitazama dirisha, akarudi nyumbani mikono mitupu. Mwezi mzuri ulileta migongo sitini. Wa mvua, arobaini na kidogo.

Mwishowe akaacha kuhesabu fedha kwa fedha. Unga wa wiki, mgongo mmoja. Gesi, mitatu. Dawa ya macho ya mama yake, ambayo haikurudisha nuru ila ilizuia maumivu, mitano. Kodi ya nyumba, ishirini na nane. Alipita sokoni akiona migongo imepangwa juu ya meza badala ya nyanya. Siku moja dukani akatajiwa bei ya sabuni, akashtuka kwa sauti, "Loo! Robo mgongo?"

"Mama," muuza duka akamjibu, "nyama wanauza duka linalofuata."

Wakacheka wote. Lakini mwezi ule ule mama mwenye nyumba akaja, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Binti yangu, vitu vimepanda, na mimi nimepanda navyo," akasema, akataja kodi mpya.

Mama Pingili akapiga hesabu yake. Thelathini na sita.

"Ukishindwa sikulaumu. Ng'ambo ya reli nyumba ni nafuu."

Mama yake mzazi alikuwa kitini, akayasikia yote. Bibi huyo alikuwa kipofu mwaka wa kumi na moja sasa, na nyumba ile aliijifunza kwa mikono. Hatua saba kutoka kitandani hadi mlangoni, bega la kushoto likigusa kabati. Kisha vidole vinafuata ufa wa ukuta, hatua tisa, na hapo ni choo. Humo ndani alikuwa kama samaki majini. Alijipikia chai, alikunja nguo, alijua jua limefika wapi kwa joto la sakafu. Kumhamisha kulikuwa kumpofusha mara ya pili.

Mgeni alipoondoka, bibi akauliza taratibu, "Mwanangu, kuta za huko ng'ambo ya reli ni laini, au ni za mawe?"

"Hatuhami, mama."

Kesho yake akamweleza mwenye kliniki. Alikuwa kijana wa maneno ya haraka, na dawa alikuwa nayo tayari.

"Dada yangu, nusu saa ni starehe! Wape dakika kumi kumi, wanaochoka kungoja wasituponyoke. Ko, ko, ko, mwingine! Utapata migongo mara mbili, kodi utailipa unapiga mluzi."

Mama Pingili akapiga moyo konde, akakubali. Saa ya ukutani ikahamishiwa mbele ya kitanda chake. Siku ya kwanza, migongo mitano. Ya pili, sita. Lakini ile ndoto haikuja tena. Barabara za dereva hakuzisikia, wala meza ya karani. Ilikuwa migongo tu, inalala na kuinuka, na jioni hakukumbuka hata mmoja.

Siku ya tatu akaja mchukuzi wa mizigo wa sokoni, mzee wa utani, mteja wake wa miaka mingi.

"Mama Pingili, leo usininyooshe sana," akasema akijilaza. "Nikirefuka, mke wangu atanifungia mlango akidhani ni mgeni."

Mama Pingili alicheka, macho yakiwa kwenye saa. Dakika saba zilikuwa zimekwisha. Akabonyeza wakati mzee bado anavuta pumzi.

Ko haikusikika. Mgongo ulimrudishia mkono wake kama mlango uliobamizwa. Mzee akapiga yowe, na maumivu yakampanda Mama Pingili kutoka kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko. Kisha akaigeuza saa ikatazama ukuta, akasugua viganja, akaanza upya tangu shingoni. Dakika arobaini. Huko nje wagonjwa wawili walichoka kungoja, wakaenda zao.

Mungu ni mwema, mzee hakuumia. Aliketi, akageuza shingo huku na huku, akavaa shati.

"Niko sawa," akasema. "Ila leo mkono wako ulikuwa na njaa."

Neno hilo likafuatana naye mpaka nyumbani. Mama yake akamshika mkono kama kawaida yake, vidole vikasimama pale kwenye kifundo.

"Umevimba. Ulikuwa umeshika nini?"

"Saa, mama."

Bibi akausugua uvimbe ule kwa dole gumba. "Basi iachie, mwanangu. Mimi giza nimelizoea. Wewe mikono ndiyo macho yetu wawili."

Asubuhi akasali, akafunga kifundo kwa kitambaa, akatoka. Njia nzima watu walikuwa mbele yake na mizigo yao, na ilikuwa kama migongo yote ile inavuta pumzi pamoja na kuitoa pamoja. Alitembea nyuma yao bila haraka, mpaka akafika ngazi za kliniki, akapanda, akagonga mlango wa ofisi.

"Leo tumepanga wagonjwa saba, dada," mwenye kliniki akasema akifungua daftari. "Tuanze?"

Hakuketi. Aliiweka mikono yake juu ya meza, ule mzima na ule uliofungwa.

"Bosi, naomba unilipe mshahara wa mwezi, iwe mvua au jua, unaotosha kodi ya nyumba anayoijua mama yangu na chakula chetu, na kila mgonjwa uniachie nusu saa yake."