Mwanamke Aliyezamishwa Redioni

Elsie Awuor alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Kisumu. Kila likizo ya Desemba, jua likipamba moto, alikwenda Usenge kwa shangazi yake Selpha, aliyekuwa akianika omena, dagaa wadogo, ufuoni mwa ziwa. Asubuhi alimsaidia kutandaza samaki juu ya nyavu kuukuu na kufukuza ndege. Mchana, joto likizidi, wanawake waliingia kibandani wakapiga soga. Elsie alikuwa ameandika hadithi nyingi za matajiri wa Nairobi, watu asiowajua, na wachapishaji walikuwa wamezikataa zote. Pale kibandani ndipo alipojifunza kunyamaza na kusikiliza.

Desemba ya 1986 upepo ulivuma ghafla, boti ya Gordon, mvuvi wa pale, ikakata kamba, ikaanza kwenda na maji huku nyavu mpya zikiwa ndani. Wanaume walikuwa sokoni. Nakhungu, mkewe Gordon, mzaliwa wa Port Victoria, aliogelea akaifikia, akaipanda, akapiga kasia mpaka nchi kavu. Hakuna aliyempongeza. Ufuoni pale ilikuwa mwiko mwanamke kupanda boti ya uvuvi. Wazee walilalamika kwamba samaki watakimbia, na Gordon akamnunia.

Elsie aliporudi mjini alikiandika kisa hicho. Mwishoni alimzamisha yule mwanamke, maana aliamini hadithi nzuri sharti iwalize watu. Ikasomwa redioni, walimu wenzake wakampa mkono.

Likizo iliyofuata Nakhungu alimkuta Elsie akigeuza omena.

"Mwalimu, nilikusikia kwa redio."

"Sikutaja jina lako, Mama," Elsie alisema, macho chini.

"Boti ni yetu, na upepo ni ule. Ufuo mzima ulijua. Mama mkwe akaniambia, unaona, hata kwa redio mwanamke wa hivyo hufa." Alichutama akaanza kugeuza samaki naye. "Mbona uliniua?"

"Nilidhani hadithi itapendeza."

"Haikupendeza. Mimi niko hapa. Kuogelea ni kitu kidogo. Andika vile nilirudi jioni nikampikia mtu asiyetaka kunisemesha."

Likizo hiyo Elsie alimuuliza mengi. Aliogopa nini kule majini? Nakhungu alijibu kwamba majini hakuogopa kitu. Hofu ilimwingia alipoona wanaume wakitoka sokoni. Elsie aliandika upya, akamsomea kwanza. Nakhungu alicheka mahali ambapo Elsie alidhani ni pa huzuni, na Elsie akapaacha vilevile.

Redio haikuitaka hadithi hiyo. Ilichapishwa mwaka 1993, ndani ya kitabu chembamba. Gordon, ambaye hakujua kusoma, alimtaka mkewe amsomee. Aliposikia habari za kile chakula cha jioni, alisema, "Ni kweli. Nilikula bila kukushukuru."

Gugumaji, mmea unaoelea, lilipofunika maji ya ufuoni miaka michache baadaye, boti nyingi zilikwama. Elsie aliendelea kwenda Usenge kila Desemba, akikaa na wanawake waliokuwa wakingoja maji yafunguke, na kabla ya kumwandika yeyote kati yao alimwomba ruhusa.